Cheti cha Mwalimu na Haki ya Mtoto

Kila asubuhi mzazi humshika mwanawe mkono, akamfikisha mlango wa skuli, akamwacha mikononi mwa mtu ambaye aghalabu hamjui. Hakuijaribu elimu yake, hakuuliza khabari za tabia yake, wala hakupata kumwona anavyosema na watoto mlango ukishafungwa. Mzazi huyuhuyu akitaka kununua mbuzi humfunua meno, na akitaka kuezeka nyumba huuliza mitaa mitatu khabari za fundi. Lakini mwanawe humtoa bila ya kuuliza neno. Si kwamba ni mpumbavu, wala si kwamba mtoto kwake ni duni kuliko mbuzi. Ametulia kwa sababu anaamini kuwa yuko mwingine aliyekwisha kuuliza kwa niaba yake. Huyo mwingine ni serikali, na jawabu alilolipata limeandikwa katika karatasi iitwayo cheti.

Basi twauliza: serikali ikiifupisha njia ya kupata cheti hicho, ikasema kwamba mtu aweza kuingia darasani leo na ualimu akajifunza huku anafundisha, je, imefanya haki au imefanya khiyana? Swali hili si jepesi kama linavyodhaniwa na wale wanaolijibu upesi, wawe ni wa upande huu au wa upande ule.

Tumechagua kulitazama katika nchi ya Marekani kwa sababu mbili. Ya kwanza, huko elimu ni kazi ya majimbo, na kila jimbo katika yale 50 hujiwekea sheria yake juu ya nani afundishe na nani asifundishe. Ya pili, jambo hili wamelijaribu kwa zaidi ya miaka 40, kwa hivyo matunda yake yamekwisha kuonekana, matamu na machungu.

Njia ya kawaida huko ni hii. Kijana huingia chuo kikuu akasoma kwa miaka minne, na ndani ya masomo hayo hufunzwa namna ya kufundisha, akapelekwa skuli kufanya mazoezi mbele ya mwalimu mkongwe, akafanya mitihani ya jimbo, kisha akapewa cheti. Njia ya pili, ambayo ndiyo maudhui yetu, ni ya mtu aliyepata shahada ya fani nyingine, kama hesabu au kemia au historia, naye hakusomea ualimu. Huyu huajiriwa, akapewa darasa na mshahara, na ualimu akausoma jioni na siku za likizo mpaka atimize masharti.

Mwezi wa Aprili 1983 tume iliyowekwa na serikali kuu ilitoa ripoti mashuhuri, A Nation at Risk, iliyoonya kwamba skuli za Marekani zimedhoofika na kwamba walimu wa hesabu na sayansi hawatoshi. Mwaka uliofuata Bodi ya Elimu ya jimbo la New Jersey iliikubali njia mpya, na walimu wake wa kwanza wakaingia madarasani mwaka 1985. Katika mwaka huohuo wa 1984 baraza la Texas lilipitisha sheria iliyofungua mlango kama huo, na mji wa Houston ukawa wa kwanza kuutumia katika jimbo hilo. California nayo ilikuwa na sheria ya walimu wanagenzi tangu 1967. Kisha mwaka 1990 likaanza kazi shirika la Teach For America, lililotokana na fikra ambayo Wendy Kopp aliiandika katika tasnifu yake ya chuo kikuu cha Princeton mwaka 1989. Shirika hilo huwachukua vijana waliohitimu vyuo vikuu, likawafunza kwa wiki chache za kiangazi, na likawapeleka kufundisha kwa miaka miwili katika skuli za mitaa ya mafukara. Baada ya hapo majimbo yakafuatana, na leo karibu kila jimbo lina njia ya namna hii.

Wanaoitetea njia fupi wana hoja, na insafu yataka tuzisikize. Wasema: mtu aliyefanya kazi ya uhandisi kwa miaka 20, akaijua hesabu kwa vitendo na akapenda kuwafunza vijana, kwa haki gani mnamzuia mlangoni kwa kuwa hakukaa tena darasani miaka miwili? Na mama aliye na watoto wa kulisha, ambaye hawezi kuacha mshahara ili akasome, je, ualimu umefungwa kwake milele? Tena wasema, na hoja hii ni nzito kuliko zote, kwamba kabla ya njia hizi watoto hawakuwa wakifundishwa na walimu kamili. Mwalimu mkuu alipokosa mtu alikuwa akiomba kibali cha dharura, akamweka darasani yeyote aliyepatikana, bila ya mafunzo na bila ya mwenye kumwangalia. New Jersey ilitaka kukifunga kichochoro hicho. Mwalimu wa njia mpya alitakiwa awe na shahada, apasi mtihani wa somo lake, apate mafunzo ya saa 200, na awe na waongozi ndani ya skuli. Basi anayelinganisha, wasema, na aulinganishe mlango huu na kichochoro kilichokuwapo, asiulinganishe na pepo isiyokuwapo.

Wanaoipinga nao wana jawabu. Wasema: kujua ni jambo moja, na kumjulisha asiyejua ni jambo jingine. Wangapi tumewaona wenye elimu ya kufurika, nao wakisimama mbele ya watoto 40 hawawezi kuwatuliza wala kuwafahamisha? Na hata mkisema kuwa mtu hujifunza kazi kwa kuifanya, mwanagenzi wa kushona huharibu kitambaa kikanunuliwa kingine, na mwanagenzi wa useremala huvunja ubao ukatafutwa mwingine. Mtoto wa darasa la pili akipotezewa mwaka wake wa kujifunza kusoma, mwaka huo utanunuliwa wapi?

Wataalamu wamejaribu kupima ni upi ulio na haki katika pande hizi. Mwaka 2004 shirika la utafiti la Mathematica lilitoa matokeo yaliyoonyesha kuwa watoto waliofundishwa na vijana wa Teach For America waliwapita wenzao kidogo katika hesabu, na katika kusoma wakawa sawa nao. Mwaka 2005 Linda Darling-Hammond na wenzake, walioyachunguza matokeo ya Houston, waliona kinyume chake, yaani kwamba walimu wenye vyeti kamili ndio walioleta faida zaidi. Kisha Thomas Kane, Jonah Rockoff na Douglas Staiger, katika utafiti juu ya walimu wa New York uliochapishwa mwaka 2008, wakaonyesha jambo linalofaa kutuzindua sote: tofauti baina ya walimu waliopita njia moja ni kubwa kuliko tofauti baina ya njia na njia. Maana yake ni kuwa wenye cheti kamili wamo hodari na wamo dhaifu, na wa njia fupi vivyo hivyo.

Huenda mtu akasema: madhali ni hivyo, cheti hakina maana, na kila mtu aachwe afundishe. Jawabu letu ni kwamba msemaji huyu hakuelewa cheti ni kitu gani. Cheti si elimu yenyewe. Cheti ni ushahidi, na ushahidi thamani yake hutoka kwa shahidi. Sisi watu wa pwani hatuhitaji kufunzwa jambo hili na wageni. Wanavyuoni wetu waliijua ijaza. Mwalimu alimpa mwanafunzi idhini ya kusomesha kitabu fulani, kwa kuwa yeye mwenyewe alimsikia akikisoma na akamhakikisha. Ijaza ya nahau haikumpa mtu ruhusa ya kusomesha mirathi. Na jina la aliyeitoa lilikuwa limeandikwa, hata mwanafunzi akiboronga aibu ilirudi kwa sheikh wake. Kwa hivyo hakuna sheikh aliyeitoa ovyo. Urefu wa njia haukuwa ndio hoja, kwani mwenye akili kali aliweza kumaliza kwa mwaka alichomaliza mwenzake kwa miaka mitatu. Hoja ilikuwa ni ukweli wa maneno yaliyoandikwa.

Tukishika kipimo hiki, tutaona kwamba kosa kubwa lililofanywa Marekani halikuwa kuifupisha njia. Kosa kubwa lilikuwa katika jina.

Januari 2002 Rais George W. Bush alitia sahihi sheria ya elimu iitwayo No Child Left Behind, yaani asiachwe nyuma mtoto yeyote. Sheria hiyo ilitaka watoto wafundishwe na walimu wenye sifa za juu, na ikaeleza kuwa mwenye sifa hizo ni yule aliyepata cheti kamili cha jimbo lake. Ikaongeza kwamba skuli zinazopokea fedha za serikali kuu kwa ajili ya mafukara ziwaarifu wazazi, ikiwa mtoto amefundishwa kwa wiki nne au zaidi na mwalimu asiye na sifa hizo. Maneno haya ni mazuri. Lakini wizara ya elimu ilipoandika kanuni za kuitekeleza sheria, ilisema kwamba mtu aliyemo ndani ya njia fupi, ambaye bado anajifunza, naye ahesabiwe kuwa ana sifa za juu, kwa muda wa hadi miaka mitatu, maadamu anaendelea vizuri.

Tazama, ewe msomaji, kalamu ilivyofanya kazi. Walimu hawakuongezeka hata mmoja, wala mwanagenzi hakuzidi elimu hata herufi moja. Kilichobadilika ni jina tu. Na kwa kubadilika jina, skuli ikaonekana imetimiza sheria, na ile barua ya kumwarifu mzazi haikuwa lazima tena. Mzazi aliyekuwa akitegemea kwamba yuko aliyeuliza kwa niaba yake aliambiwa kuwa mambo yote ni mazuri.

Wazazi na wanafunzi wa California hawakunyamaza. Walikwenda mahakamani, na Septemba 2010 mahakama ya rufani ya mzunguko wa tisa ikahukumu kwamba kanuni ile inapingana na sheria yenyewe, kwani anayejifunza ili apate cheti hawezi kuwa ndiye aliyekipata. Mahakama iliona pia kuwa wanagenzi hao hawakuenezwa sawasawa. Walikuwa wamekusanyika katika skuli za mafukara na za watu wa makabila madogo kuliko kwingine. Lakini furaha ya wazazi hao haikudumu, maana Desemba ya mwaka huohuo Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya fedha, na ndani yake likatia kifungu cha kuwarudishia wanagenzi jina lile kwa muda. Mwaka 2015 sheria mpya ya elimu ikaliondoa kabisa sharti la sifa za juu, na majimbo yakaachiwa yaamue yenyewe.

Hapa ndipo lilipo jambo tunalotaka kulisema. Mwanagenzi si aibu. Kila mkongwe alianza akiwa mwanagenzi, na nchi isiyo na wanagenzi leo haitakuwa na mafundi kesho. Aibu ni kumwita fundi hali ya kuwa anajifunza, kisha kumpeleka afanyie mazoezi kwa mtoto wa asiye na sauti. Mtu akijifunza ualimu, liko deni la makosa yake ya mwanzo ambalo lazima lilipwe na mtu. Ikiwa jimbo litamlipa mwalimu mkongwe akae naye darasani na kumsahihisha, deni hulipwa na hazina ya watu wote. Ikiwa ataachwa peke yake, deni hulipwa na watoto wale 40, nao hawakushauriwa. Na ikiwa kila mwaka hupelekwa mtaa uleule wa mafukara, akishaiva akahama kwenda kwenye mshahara mzuri, na mahali pake akaja mbichi mwingine, basi mtaa huo umefanywa kuwa karakana ya kuwatengenezea walimu watoto wa matajiri.

Kwa kipimo hiki na tuzitazame sheria za karibuni. Mwaka 2022 jimbo la Florida liliwaruhusu waliokuwa wanajeshi, waliotumika kwa muda usiopungua miezi 48 na kupata sehemu tu ya masomo ya chuo kikuu, wapewe cheti cha muda cha miaka mitano. Walitakiwa wapasi mtihani wa somo lao, na wawe na mwalimu wa kuwaongoza. Katika mwaka huohuo Arizona iliruhusu mtu aliyemo chuoni, ambaye hajapata shahada, aanze kazi ya ualimu huku akisoma, ila asifundishe kwa kawaida bila ya kuwapo mwalimu kamili au mwongozi, isipokuwa awe na cheti cha namna nyingine. Wengi waliposikia walipiga kelele, na wengine wakashangilia. Sisi twasema: hukumu ya sheria hizi haimo katika kichwa cha khabari. Imo katika kile kifungu cha mwongozi. Je, mwongozi huyo amepewa wakati wa kuongoza, au naye ana darasa lake na watoto wake 40, na uongozi ni sahihi yake tu katika karatasi? Sheria iliyotaja mwongozi bila ya kumwekea fedha imetaja jina lisilo na mwenyewe.

Texas imetupa mafunzo mengine. Mwaka 2015 ilipitisha sheria iliyoziruhusu wilaya nyingi za skuli kujitoa katika baadhi ya masharti ya jimbo, na miongoni mwake ni sharti la cheti. Wilaya zikaona urahisi, na walimu wapya wasio na cheti wakazidi mwaka hata mwaka. Ilipofika 2025 baraza la jimbo lilipitisha sheria nyingine ya kulirudisha sharti hilo kwa hatua katika masomo ya msingi. Kilichofunguliwa kwa haja kikawa desturi, na desturi kuifunga ni kazi. Mwenye akili hulijua hili nyumbani kwake: mlango wa uani ulioachwa wazi siku ya karamu, usipofungwa usiku ule, hugeuka njia ya watu.

Na sisi je? Tusiisome khabari hii kama watazamao ngoma ya mtaa mwingine. Kenya ina Tume ya Kuajiri Walimu tangu 1967, na sheria ya 2012 yakataza mtu kufanya kazi ya ualimu pasipo kuandikishwa na tume hiyo. Hata hivyo kila mmoja wetu aijua skuli ambayo wazazi wamechanga ili kumlipa kijana aliyemaliza kidato cha nne asimame mbele ya darasa lililokosa mwalimu. Baada ya mashambulizi ya 2014 na 2015 huko Kaskazini Mashariki, walimu wengi waliotoka sehemu nyingine waliondoka, na watoto wakabaki na yeyote aliyekuwapo. Hatuwalaumu vijana hao. Wengi wamewaokoa watoto wasikae bure. Twalaumu kuwaacha peke yao, na kulipa jambo hilo jina zuri ili tusiulizwe.

Tena tuwe wakweli juu ya vyuo vyetu wenyewe. Mara ngapi kamati humweka mwalimu wa chuo kwa kuwa ana sauti nzuri na anaridhika na mshahara mdogo, na hapana aliyekaa siku moja kumtazama anavyowafunza watoto au anavyowapiga? Tulioirithi ijaza ndio tulioisahau maana yake. Hatuwezi kuidai serikali ushahidi wa kweli, hali sisi wenyewe hatuutoi.

Basi nasaha yetu kwa wazazi ni fupi. Mwalimu mpya akija, msimchukie kwa kuwa hana cheti, wala msilale kwa kuwa anacho. Ulizeni mambo matatu. Anajua nini, na nani amehakikisha? Ikiwa bado anajifunza, nani anakaa naye, na kwa saa ngapi kila wiki? Na je, watoto wa wakubwa wa skuli na wa wakubwa wa serikali wamo katika darasa lake, au wamo wetu tu? Huko Marekani mzazi wa skuli inayopokea fedha za mafukara bado ana haki ya kuuliza sifa za mwalimu wa mwanawe, na skuli yapaswa kumjibu. Hapa kwetu hakuna haja ya kungoja sheria ili kuuliza. Mwalimu mwema hataona vibaya akiulizwa, kwani ajua kwamba anayeuliza amemthamini mtoto, na kazi yake pia.